Niliingia na Viatu

Matisi, Kitale
Jumatano, mwezi wa Januari

Kwako mdogo wangu Nakhungu, Mama Derrick,

Mulembe. Mulembe kwako na kwa wote walio chini ya paa lako hapo Myanga. Mguu wako wa kushoto unaendeleaje? Derrick ameniambia umeanza kutembea na fimbo na ati ukiambiwa hospitali unajifanya huskii. Kichwa chako ni kigumu tangu uzaliwe. Fimbo si dawa, enda uonwe na daktari. Sisi huku tuko wazima, Mungu ametushika. Magoti yangu yanalia asubuhi lakini yakishapata chai yananyamaza. Nangila amerefuka mpaka sasa ananiangalia kutoka juu, na miaka ni kumi na tatu tu. Baba yake, Tonny wangu, bado yuko Lodwar na kazi yake ya ujenzi, anapiga simu Jumapili.

Kabla sijaendelea, sikiza. Derrick amekuletea barua hii pamoja na kifurushi kilichofungwa kwa mkanda mweupe. Usikifungue. Nakujua, tangu utoto hukuweza kuona kitu kimefungwa ukakiacha. Kiweke kando, soma kwanza mpaka mwisho. Nimemwambia Derrick asikuharakishe, akae nje na vitunguu vyake vya kuuza.

Utauliza mbona nimeandika na simu iko. Kwa simu wewe husema ee, haya, sawa, na mimi nabaki naongea peke yangu kama redio. Tena mambo haya nikiyasema kwa mdomo nitayageuza yawe ugomvi, najijua. Nangila alitaka kuniandikia, ati yeye mwandiko wake ni mzuri. Nikamfukuza. Mimi nilifika darasa la nne, na la nne ya wakati wetu si ya siku hizi. Hii ni siku ya tatu naandika. Ukiona nimekata maneno, ruka uende mbele.

Asante kwa ile kamaleya ya moshi, yale machipukizi ya mwanzi, na simsim uliyotuma kabla ya Krismasi. Kamaleya nimepika na njugu, tumekula mpaka sufuria ikalia. Juu ya simsim nitasema baadaye.

Sasa nikuambie habari ya Nangila na karate.

Mwaka jana Tonny alisema mtoto apelekwe karate kwa sababu pale kwa daraja, akitoka shule, kuna vijana wanaokaa tu na kushika wasichana mikono. Nikamwambia msichana wa kwetu anafundishwa kupika na kulima, hafundishwi mateke. Akasema mama, ni dunia gani hiyo unaongea. Basi nikakubali. Nangila akaanza kwenda Kibomet, kwa ukumbi ulio nyuma ya kinu cha posho, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Mwalimu wao wanamwita Sensei. Nilidhani ni mwanamume. Kumbe ni msichana tu, Jeruto, wa kutoka mlimani upande wa Kapsokwony. Mchana yeye ni karani wa ghala la mahindi, jioni anafundisha watoto kupigana.

Jambo la kwanza nililoona si kupigana. Nangila alianza kupanga viatu mlangoni, vyake na vyangu, vidole vikiangalia nje. Akiingia nyumbani anasimama kidogo kwa mlango, anainamisha kichwa, halafu ndiyo anaingia. Nikimpa chakula anapokea kwa mikono miwili. Hakatizi mtu akiongea. Zile nguo nyeupe za karate hazitupi kama sare ya shule. Anazikunja kwenye meza, mkono huu ndani, mkono huu ndani, anaviringisha, anafunga na mkanda. Wewe unajua mimi. Mtoto wa siku hizi akianza kukuheshimu ghafla, unajiuliza amevunja nini. Niliangalia hata vikombe kwa kabati, vyote vilikuwa sawa.

Halafu jirani yangu Chepkemei, yule wa mitumba, akaja na maneno. Akasema amepita pale ukumbini akaona watoto wamepiga magoti, wamefunga macho, kimya kabisa, halafu wote wakaweka paji la uso chini, mbele ya picha ya mzee fulani aliyekufa. Akaniuliza kama najua mjukuu wangu anaabudu mtu wa Japani. Nakhungu, damu yangu ilichemka. Nilikumbuka namwima ya Baba, kile kibanda cha mizimu alichokibomoa kwa mikono yake siku aliyoingia kanisa la Marafiki, na wewe na mimi tukibeba ile nyasi kwenda kuchoma. Nikasema, Baba abomoe, mimi nilee mtoto wa kujenga tena?

Ilikuwa Alhamisi, mwisho wa Septemba, na mvua ilikuwa imenyesha. Matope ya Matisi unayajua. Nilivaa gamubuti zangu nikaenda Kibomet kwa miguu, nikihubiri njia nzima.

Mlangoni viatu vilikuwa vimepangwa mistari, vidogo mbele, vikubwa nyuma. Sikuvua. Ndani wameweka mikeka minene ya sponji, wanaiosha kila siku, watoto wenyewe wanaiosha kwa magoti. Niliikanyaga yote na gamubuti. Walikuwa wamepiga magoti kama Chepkemei alivyosema, ishirini na kitu, na ile picha ikiwa ukutani. Nilikwenda moja kwa moja nikaing'oa. Ilinitoka mkononi ikaanguka, kioo kikavunjika. Hakuna mtoto aliyepiga kelele. Hicho ndicho kilichonikasirisha zaidi, ile kimya. Nikamshika Nangila kwa mkanda, nikamvuta kama mbuzi.

Yule Jeruto alikuja mbele yangu. Hakunishika. Aliinama kwanza, halafu akasema Kukhu, karibu, Nangila ni wako na unaweza kumchukua, ila naomba umruhusu aage wenzake vizuri. Aliniita Kukhu, nyanya, kama mjukuu wangu anavyoniita. Nikaona ananidharau na lugha ya kwetu. Nikamzaba kofi.

Naandika hivyo hivyo bila kupamba. Nilimzaba kofi mbele ya watoto wake. Mtu anayevunja mbao kwa ngumi! Mikono yake ilikuwa imelala hapa mapajani, na ilibaki hapo. Aliliona likija, kwa sababu mimi si mwepesi tena, kofi langu linatoka mbali. Lilimpata. Akainama tena, chini zaidi kuliko mara ya kwanza, akajisogeza kando tupite.

Njiani nilimwambia Nangila kila kitu ninachojua juu ya miungu ya uongo. Alisema ndiyo Kukhu. Nikamuuliza kama amesikia. Akasema nimesikia Kukhu. Na hivyo ndivyo alivyoongea na mimi majuma sita. Hakukosa adabu hata siku moja. Angekosa ningempiga tukamaliza. Aliteka maji, alipika, alipanga viatu, lakini zile hadithi zake za shuleni, kuigiza walimu, kucheka na kijiko mdomoni, zote zilikauka. Nyumba ikawa kama ofisi ya chifu. Nguo nyeupe alizikunja akaziweka juu ya kabati, na kila Jumamosi alizishusha, akazikung'uta vumbi, akazikunja tena, akazirudisha.

Siku moja nikamuuliza, kwa sauti ya kugombana kwa sababu sina nyingine, yule mzee wa kwa picha ni nani. Akasema ni Mzee Kizito. Nikauliza Kizito wa Japani? Akaniangalia. Akasema Kizito wa Chwele, Kukhu. Alikuwa dereva wa lori, alijifunza karate akiwa jeshini, ndiye aliyemfundisha Sensei tangu akiwa mdogo, na alikuwa akiimba kwaya. Alikufa miaka minne iliyopita. Wakiinama wanamshukuru, basi, halafu wanaanza kazi. Akaongeza, kwa adabu kabisa, kwamba hata mimi kila asubuhi husimama mbele ya picha ya Mama hapo ukutani na kusema mulembe Mama, na yeye hajawahi kuita mtu aje aing'oe.

Nilimwambia aende akaangalie maharagwe yasiungue. Hayakuwa hata jikoni.

Novemba ikafika nikavuna kile kishamba cha Kibomet. Nikaweka magunia mawili kwa mkokoteni nikapeleka ghalani karibu na reli. Nani yuko kwa mizani? Jeruto, na daftari mkononi na kile kifaa chao cha kupima unyevu. Nikasema moyoni, leo mahindi yangu yote yatakuwa mabichi. Unawajua makarani wa mahindi. Asiyekupenda anaweza kukurudisha nyumbani mara tatu na hakuna mahali pa kushtaki.

Aliponiona alisimama. Kiti kilikuwa kimoja tu, akanipa. Akasalimu, akauliza habari ya magoti yangu, na sikumwambia mimi kwamba yanauma, ni Nangila aliyewahi kumwambia. Akapima gunia la kwanza akasema hili ni zuri, limekauka. La pili akasema Kukhu, hili bado, lianike siku mbili ulilete Ijumaa. Na lilikuwa bado kweli, mimi mwenyewe nilijua, nililichanganya kusudi nikitegemea karani asiyechimba gunia mpaka chini.

Nikashindwa kuondoka. Nilikaa kwa kile kiti chake mpaka watu wakapungua, halafu nikamuuliza mbona hukuzuia kofi langu. Nilitaka aseme jambo la kujisifu nimchukie vizuri. Akasema, Kukhu, sisi tunazuia kwa mfupa huu, akanionyesha hapa chini ya kiwiko, na mkono wako ungekuja kwa nguvu ukagonga hapa ungevunjika. Mkono wa miaka sabini haushikani haraka. Ungefua na nini? Basi. Akamwita mtu mwingine na gunia lake.

Nakhungu, nimeongea na wachungaji, nimeongea na machifu, nimezika mume. Hakuna mtu aliyewahi kufikiria mkono wangu wakati mkono huohuo unampiga.

Nikarudi nyumbani nikamwambia Nangila avae nguo zake, arudi karate. Nilidhani ataruka. Akakataa. Nikamuuliza unanikatalia mimi? Akapiga magoti pale sakafuni akasema Kukhu nisamehe, siwezi kurudi peke yangu. Akanieleza kwamba kule kwao kuna desturi. Mkiwa mazoezini na mtu akampiga mwenzake nje ya mpango, hata kama hakukusudia, mazoezi yanasimama. Aliyepiga anasimama mbele ya aliyepigwa, anataja alichokosea kwa maneno, si nisamehe tu ya juu juu, halafu anainama. Haruhusiwi kuinuka mpaka yule aliyeumizwa ainame pia. Aliyeumizwa akitaka kukaa muda, atakaa, ni haki yake. Mkubwa kwa mdogo ni vilevile, hata Sensei amewahi kumwinamia mtoto wa darasa la pili baada ya kumgonga pua. Akasema kwamba yeye hawezi kusimama kwa ule mstari wenzake wote wakijua nyumba yetu ina deni la namna hiyo halijasemwa.

Nilikasirika, bana. Nilimwambia mimi ni mtu mzima, nimezaa sita, siwezi kumwinamia mtoto wa mtu. Akasema ndiyo Kukhu. Tena ile ndiyo Kukhu yake!

Nililala nayo siku tano. Siku ya sita nilikwenda kwa fundi, nikatengenezewa kioo kipya cha ile picha. Nikaoga. Nikavaa sare ya akina mama wa kanisa, ile ya kwenda ibada kubwa, nikamwambia Nangila twende.

Mlangoni nilivua viatu. Nyayo zangu zina nyufa kama shamba la Februari na sikutaka zionekane, lakini nilivua. Nikavipanga vidole nje. Nikasimama ukingoni mwa mikeka kama mgeni, nikangoja niitwe, kwa sababu Nangila alisema ukichelewa hupiti tu, unangoja. Waliendelea na mazoezi yao. Ngumi, teke, sauti. Mimi nimesimama na picha kifuani. Nafikiri Jeruto alinichelewesha kusudi, na alifanya vizuri. Halafu akaniita.

Nikasema. Nilisema niliingia na viatu vya matope mahali mnaposafisha. Nilivunja kioo cha picha ya mtu aliyewafundisha bila kuuliza jina lake. Nilimvuta huyu mtoto kama mbuzi. Nilimpiga mwalimu wenu mbele yenu na yeye alikuwa ameniheshimu. Halafu nikainama. Mgongo ulipiga kelele ya kuni. Chini pale hakuna cha kuona, ni vidole vyako tu na aibu yako. Nikahesabu. Nilifika saba. Nikasikia kama upepo, nikajua ni nguo zao, wameinama wote pamoja, na Jeruto akiwa chini kuliko mimi.

Wakarudisha picha ukutani. Halafu wakakaa kimya kama walivyofanya siku ile, macho yamefungwa, na mimi nikapewa benchi. Ile kimya, nikiwa na akili yangu nzuri, niliitambua. Ni ile ya kanisani kwetu Myanga zamani, mzee akisema tungoje mbele za Mungu, na inzi tu ndiye anaongea. Niliwahi kuiogopa nikiwa mtoto. Siku ile ilinipumzisha.

Nangila alicheka njia nzima kurudi. Alimwigiza mwalimu wa hesabu mpaka nikaomba choo kwa watu.

Mtihani wa mikanda ulikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi. Alipangwa na msichana mmoja, Chelagat, mkubwa kama mlango. Waliinamiana, wakaanza. Katikati Chelagat alimgonga mdomo, damu ikatoka. Nilikuwa nimeshainuka kwa benchi na mkono juu. Mama mmoja akanishika gauni akanikalisha, akacheka akasema mama, hata mimi mara ya kwanza. Chelagat alisimama, akasema alichokosea, akainama. Nangila alifuta damu na kiganja, akainama papo hapo, hakumchelewesha hata kidogo. Wakaendelea! Na Nangila akapita. Jeruto akasema mzazi aje amfungie mtoto mkanda mpya wa njano. Mimi. Nilifunga vibaya, Nangila akanielekeza pole pole, pita nyuma, vuka, ingiza chini. Ule mweupe wa zamani akaukunja, akanipa kwa mikono miwili, akasema Kukhu, huu ni wako, umeufanyia kazi.

Tuliporudi nyumbani Matisi tulimkuta Derrick mlangoni na simsim yako na kamaleya, kama kila Desemba. Miaka tisa, Nakhungu. Hujawahi kukosa. Hakuna barua, hakuna salamu ndefu, ni gunia dogo tu na Derrick akisema Mama amesema mle. Nami hata kabla sijafungua nilimwambia akuambie ina mchanga, kama ninavyomwambia kila mwaka. Nangila alikuwa amesimama hapo na mdomo umevimba. Akaniangalia.

Sasa nifike mahali ninapokwenda. Nimezunguka siku tatu, kalamu inajua.

Siku ya mazishi ya Mama. Tulikubaliana avae sare ya kanisa na kile kitambaa chake cheupe cha kichwa, chenye jani la kijani alilodarizi mwenyewe pembeni. Kitambaa hakikupatikana. Watu walikuwa wameshakaa chini ya mahema, jeneza liko wazi, na Mama kichwa wazi. Mimi nikakumbuka kwamba ulikuwa umemuuliza akiwa mgonjwa kama atakuachia kile kitambaa. Nikasimama mbele ya watu wa Myanga, mbele ya mume wako, nikasema Nakhungu amekichukua. Nikasema wewe ni mwizi wa maiti. Maneno hayo niliyasema mara mbili ili walio nyuma wasikie.

Wewe hukujibu. Ulikuwa na ulimi mkali kuliko wangu siku zile, ungeweza kunimaliza. Ulivua kitambaa chako kichwani, ukamfunga Mama nacho, vizuri, ukalainisha pembeni. Halafu ukasimama kichwa wazi kwenye jua mpaka mwisho wa ibada, watu wakikuangalia. Nimesikia kuna akina mama hapo ambao hadi leo ukiingia nyumbani kwao wanaondoa vitu mezani.

Nakhungu, kitambaa nilikuwa nacho mimi. Usiku wa matanga nilipiga sare zote pasi ya makaa, ya Mama na yangu. Ili kitambaa kisikunjike nilikiweka ndani ya sare yangu, nikakunja pamoja, mkono huu ndani, mkono huu ndani, kama Mama alivyotufundisha. Halafu kilio kikanichanganya nikasahau, hata mazishini nilibaki na gauni niliyolala nayo. Niliporudi Kitale, Jumapili ya pili, nilikunjua sare niende kanisani, kikaanguka miguuni.

Ningekupigia simu siku ile. Ningesema. Badala yake nilikiweka chini kabisa ya sanduku la bati na nikaenda kanisani nikaimba. Miaka tisa nimesimama asubuhi mbele ya picha ya Mama, na katika ile picha amekivaa, jani lile linaonekana. Nilikuwa namsalimia nikiangalia mabega.

Nilimzika Mama bila kitambaa chake kwa kusahau, hilo Mungu atalipima. Lakini kukuacha wewe mwizi miaka tisa si kusahau. Hiyo nilifanya kila siku, nikiwa na akili zangu. Na wewe kofi lile uliliona likija, hukuzuia. Halafu ukanipa chakula. Ahsante. Sijui kama nimewahi kukuambia neno hilo bila kuweka lawama nyuma yake. Ahsante kwa kumfunika Mama. Ahsante kwa kuninyamazia. Ahsante kwa kunilisha.

Fungua kifurushi sasa. Ni chako, ulimwomba Mama akuachie. Nimekifua na kukipiga pasi. Mkanda ni ule mweupe wa Nangila, fundo nimelifunga mwenyewe, nafikiri safari hii liko sawa.

Jumamosi tunakuja Myanga, mimi na Nangila. Mwite mchungaji, waite wale akina mama walioketi chini ya hema siku ile, wote walio hai, na nitasema mbele yao kwa sauti ileile, walio nyuma wasikie. Nitavua viatu mlangoni kwako. Mimi ndiye mkubwa lakini mimi ndiye niliyepiga, kwa hiyo nitainama kwanza. Usinikimbilie kuniinua. Wewe una haki ya kukaa, kaa utakavyo. Mgongo wangu ni mbaya, usiuhurumie. Ukitaka kuingia ndani ufunge mlango, funga, Nangila atanirudisha Kitale na sitasema neno baya juu yako tena mpaka nife.

Nisalimie Derrick na mke wake na yule mtoto wao mwenye kelele. Nisalimie ng'ombe wako yule mweusi, kama bado anapiga teke nitamletea Sensei. Nangila anakusalimu, anasema Kukhu wa Myanga ajitayarishe, atapangiwa viatu vyote nyumbani. Hospitali usisahau. Mungu akulinde wewe na huo mguu mpaka Jumamosi.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Nakhumicha

Nimesahau. Ile simsim haikuwa na mchanga. Haijawahi kuwa na mchanga, hata mwaka mmoja.